Mwanamke wa Kibandani

Trieste, 6 Oktoba 1957

Mdogo wangu Nives,

Hujambo huko kwenye ukungu wenu? Huku upepo umeanza mapema mwaka huu. Juzi manispaa walifunga zile kamba za barabarani, nikajivuta nazo kutoka kwa muuza mkate hadi mlangoni kama mlevi, na kofia yangu ya kijani ikaenda zake baharini bila kuaga. Mimi mzima. Magoti yananuna, lakini Mungu hakunipa kazi ya kuimba kwa magoti. Milka, yule mama wa Kislovenia anayenipikia, anakusalimu. Paka amezaa ndani ya sanduku la mavazi yangu ya jukwaani, juu ya joho la Malkia, kwa hiyo sasa nina watoto watano wa ukoo wa kifalme na joho la kufuliwa. Ennio ameandika? Bado yuko kwenye migodi ya Ubelgiji? Mwambie mama yake mkubwa anamkumbuka.

Sasa nikuambie, na usome ukiwa umekaa. Hapa wanataka kuirudisha jukwaani opera ya mzee Ghirardi, *Malkia wa Grado*, mwezi wa pili, kwa kuwa itakuwa miaka mia tangu azaliwe. Wameniomba mimi niwe Malkia. Hakuna mwingine aliye hai aliyefundishwa nafasi hiyo na Ghirardi mwenyewe, yeye kwenye piano na sigara yake ikimwaga majivu juu ya nota. Malkia ni mzee, hakimbii, hafi kwa kifua kikuu. Anakaa kitini na kuimba. Jana nilipandisha sauti mpaka juu kabisa, Milka akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeungua.

Sauti ninayo, Nives. Maneno ndiyo yananitoka.

Hili sijamwambia mtu. Lilianza kabla ya Pasaka. Nilitaka kijiko, jina likanipotea, nikamwambia Milka anipe kile kitu cha supu, tukacheka. Mwezi wa saba nikapotea njia ya kurudi kutoka kanisani, njia ninayoipita huu mwaka wa kumi na tisa. Muziki hauniachi. Naweza kukuimbia sehemu ya kila fidla na kila filimbi aliyoandika Ghirardi, lakini nikifungua kinywa, mahali pa maneno pana shimo. Daktari nilimpa jina la uongo na sikurudi kwake. Maestro Tarlao, anayeongoza okestra, akijua tu atamwita yule msichana wa Padova achukue nafasi yangu, na mimi nitapelekwa kwenye nyumba ya wanamuziki wazee. Nyumba hiyo nimeiona. Nilikwenda kumtazama Argia, niliyeimba naye miaka kumi, akanikumbatia kwa furaha akiniita mama.

Ninachotaka ni kidogo. Nataka niwe Malkia mara moja tena nikiwa bado najua kwamba ni mimi ninayeimba. Baada ya hapo waje wanichukue.

Njoo ukae kibandani. Hakuna mnong'onezaji kama wewe Italia nzima, hata Baba hakukufikia, nalisema sasa kwa kuwa hanisikii. Ukiwa wewe uliye chini ya jukwaa ukinipa neno la kwanza la kila mstari, nitafika mwisho. Mambo ya Modena sitakuuliza tena.

Lakini uliteleza, au hukuteleza?

Dada yako anayekuhitaji,
Iride


Parma, 29 Oktoba 1957

Dada Iride,

Shikamoo ya mbali. Barua yako ilifika zamani na sina udhuru wa kuchelewa. Ukungu umetukalia wiki mbili. Nilitengeneza tortelli, zile tambi zenye malenge ndani, nyingi kama zamani, nikasahau kuwa niko peke yangu, nikazila siku tatu. Ennio ameandika: mzima, anakohoa kidogo, amepata mchumba wa Kibelgiji asiyejua kupika chochote ila viazi. Oreste wa baa ameweka simu mpya na siku hizi anatembea kama waziri. Pole kwa joho, na pole zaidi kwa hayo mengine. Niliyasoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza.

Siwezi kuja. Msimu wetu unaanza Desemba na nina opera nne. Wanong'onezaji hata huko wapo. Mchukue mmoja umfundishe alichotufundisha Baba, kwamba neno hutolewa kabla mwimbaji hajavuta pumzi, na akishavuta umechelewa. Wewe nawe kila siku uyasome maneno bila muziki, ukitembea, kisha uyaandike kwa mkono. Mwambie Milka abandike majina ya vitu kwenye makabati. Huna haja ya kumweleza kwa nini.

Juzi nilikumbuka siku za maonyesho nyumbani. Baba alikuwa akikataza sauti yoyote tangu asubuhi ili masikio yake yapumzike, na Mama akipakua supu kama yuko msibani, na sisi wawili tukizungumza kwa midomo tu. Ulinisimulia habari za mke wa mfamasia na yule kinyozi mpaka supu ikanitokea puani. Baba akapiga kijiko. Alinipiga mimi, wewe ukatazama dari.

Kuhusu Modena, ni miaka ishirini na minne sasa. Iache ilale.

Nives


Trieste, 8 Novemba 1957

Nives,

Salamu nimezipokea, na viazi vya mkweo pia. Paka wawili nimewagawa, mmoja kwa padri. Milka amebandika karatasi nyumba nzima. Hata juu ya choo ameandika "choo", kana kwamba hicho naweza kukikosa.

Opera nne, eh? Jumapili nilimpigia simu Oreste wako. Nikamwambia aniitie Nives. Akasema, "Bi Iride, Nives haji kwenye simu siku hizi." Nikamwambia, "Mpumbavu wewe, mwambie dada yake anakufa!" Nikasikia viatu vyako, Nives. Viatu vyako navijua tangu una miaka minne. Mtu akashika simu, akapumua kwa mlio wa ajabu, akagonga kwa ukucha mara mbili tatu, simu ikakatwa. Nimekuita mpaka watu wa posta wakanitazama. Kama umeapa kutosema nami kwa ajili ya Modena, basi umekosea mlango, maana aliyefanyiwa ni mimi!

Unataka ilale, mimi naiamsha. Katika ubeti wa kwanza Malkia anambariki kaka yake anayekwenda vitani. Katika ubeti wa pili, kwa tuni ileile, anamlilia akiwa maiti. Modena ulinipa ubeti wa pili kwanza. Nami nikauimba, kwa sababu tangu nilipokuwa msichana naimba unachonipa bila kuuliza. Kaka mwenyewe amesimama mbele yangu mzima na upanga wake, miye namfumba macho! Mtu mmoja wa roshani ya juu akapaza sauti: "Malkia, mngoje kwanza afe!" Walicheka mpaka pazia likashushwa. Toka siku hiyo kila nilipoimba, mji wowote ule, palikuwa na mtu roshani aliyekuwa na habari.

Sasa nikupe ya mazoezi. Mnong'onezaji wa hapa anatoa maneno kama anauza dagaa; Tarlao amemtupia penseli. Jumanne nilifika kwenye "ndugu yangu" nikasimama. Sikujua kinachofuata. Okestra ikaenda bila mimi. Nikajifanya nimekabwa na vumbi, wakaniletea maji. Jana ikatokea tena palepale, nikakohoa tena, na safari hii hawakuleta maji. Walitazamana.

Sina mtu mwingine. Nakuomba kwa magoti yangu yote mawili, na unajua hali yake.

Iride


Parma, 2 Desemba 1957

Dada Iride,

Natumaini upepo umekupunguzia. Huku bomba la uani limeganda. Ennio anaoa mwezi wa nne, hukohuko. Barua hii nimeianza mara tano, hii ni ya sita, na nitaituma ikiwaje.

Sina sauti. Mwezi wa nane walinipasua koo, wakatoa uvimbe na sauti vyote pamoja. Nina tundu shingoni, nalifunika kwa skafu ya bluu na kupumua humo. Huo ndio mlio uliousikia. Nilikuja kwenye simu kwa sababu Oreste alisema unakufa. Nilisimama pale nikikusikia unaita "Nives, Nives", nami nikifungua na kufunga kinywa kama samaki kwenye ndoo, na wacheza karata wote wakiangalia sakafu. Opera nne hakuna. Hakuna hata moja. Wameniweka chumba cha chini kupanga vitabu vya nota. Sikukuambia kwa kuwa nilitaka angalau mtu mmoja duniani aendelee kunifikiria niko kibandani.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, niimalize. Modena sikuteleza.

Labda unakumbuka, kabla ya onyesho, chumba chako kilijaa maua mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nashona pindo la joho lako. Mkuu wa mkoa akaingia, akanitazama, akakuuliza huyu ni nani. Ukasema, "Huyu? Huyu ni mwanamke wa kibandani." Hukusema mdogo wangu. Hukusema hata jina. Mimi nami nilikuwa na sauti nzuri, Iride. Baba alitugawia kazi mezani kama alivyokuwa akigawa nyama, wewe juu, mimi chini, na sikulalamika hata siku moja. Lakini jioni ile nilipowasha taa yangu kule chini, ukanitazama ukingoja neno, nikakupa lisilo lenyewe. Nilitaka ujue mwanamke wa kibandani ni nani. Ulipoanza tu kuliimba nilitaka kulirudisha. Neno halirudi chini likishapanda.

Miaka yote hii nimesema niliteleza, au nimenyamaza. Nichukie ukitaka, ni haki yako. Kinachonitesa ni kwamba sasa ndipo unaponihitaji, na sasa ndipo sina cha kukupa.

Nives


Trieste, 14 Desemba 1957

Nives,

Salamu utazipata mwishoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara ilikuwa mpya. Mara ya kwanza nilikuchukia, nikavunja kikombe cha Milka, si changu. Mara ya pili nililia kwa ajili ya koo lako mpaka jirani akagonga ukuta. Mara ya tatu, leo asubuhi, nilifika kwenye mkuu wa mkoa nikacheka, maana nilimkumbuka: alikuwa na meno ya bandia, na kila alipotamka jina langu yalikuwa yakishuka. Kesho sijui nitaisoma kwa moyo gani, kwa hiyo nakujibu leo kabla sijageuka. Ya Modena nimekusamehe. Nimeandika kwenye karatasi kubwa, NIVES NIMEMSAMEHE, nikabandika kwenye kioo ili nisisahau. Nawe unisamehe lile neno. Silikumbuki kabisa, na najua hiyo haikupunguzii chochote.

Sasa nisikilize. Supu ya Baba! Ulizungumza nami miaka kumi bila sauti wala sikukosa neno. Nina haja gani na koo lako? Nipe midomo yako. Kibandani kuna taa, itakumulika usoni, mimi nitatazama chini kama Malkia mwenye huzuni, watasema tazama anavyoigiza. Wewe huna sauti, mimi sina maneno. Tukichanganywa anatoka mtu mmoja mzima, japo mzee. Tarlao nitamwambia una mafua.

Hizo ndizo salamu zangu. Njoo, Nives. Njoo.

Dada yako mpaka mwisho,
Iride


Parma, 10 Januari 1958

Dada Iride,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Milka. Ennio amenitumia soksi za sufu na picha ya mchumba. Mnene, anacheka, nimempenda. Theluji imeanguka mara moja tu.

Nitakuja. Tangu barua yako nafanya mazoezi mbele ya kioo kila siku, opera nzima, bila sauti, na kila asubuhi naagiza baani kwa midomo. Siku ya kwanza nilitaka kahawa, Oreste akaniletea grapa, ile pombe kali ya zabibu. Siku ya pili nikataka maji, grapa. Siku ya tatu nilimtukana taratibu, neno kwa neno, akawa mwekundu, nikajua tunaendelea vizuri. Jana nilitaka kahawa na mkate wenye zabibu kavu, na vyote vikaja.

Usinitafute macho. Tazama taa, mimi nitakuwa juu yake. Midomo nitaipaka rangi nyekundu, tena nyingi, kama wale wanawake Mama aliotukataza kuwaangalia. Nitakupa mstari mzima, si neno la kwanza tu, na nitakupa kabla hujavuta pumzi. Nikiinua kidole kimoja ni ubeti wa kwanza. Vidole viwili ni wa pili. Nitainua kimoja kwanza, Iride. Nakuapia kwa kaburi la Mama, nitainua kimoja kwanza.

Nafika tarehe kumi na moja Februari kwa mazoezi ya mwisho, na kesho yake tunaimba. Nasema tunaimba, uniwie radhi.

Nives


Trieste, 3 Februari 1958

Mdogo wangu Nives,

Hujambo? Mimi sijambo. Upepo ni mkali. Paka amezaa. Ennio amerudi kutoka shuleni? Mwambie asitembee bila soksi.

Milka ameshona jina langu na jina la mtaa ndani ya koti. Anadhani sikuona.

Upepo ni mkali. Paka amezaa.

Naona nimekwisha kuyaandika hayo. Siyafuti, ili ujue hali ilivyo. Naogopa, Nives. Naogopa sana. Asubuhi kuna saa moja nzuri, ndiyo hii, na kila siku inafupika. Nimechagua kitu kimoja cha kutoka nacho, kama mtu ambaye nyumba yake inaungua, na kitu hicho ni Malkia. Mengine nayaacha. Tarlao jana alinisindikiza mpaka mlangoni akanishika kiwiko, na tangu lini Tarlao anamshika mtu kiwiko?

Kwenye kioo pana karatasi inayosema nimekusamehe. Ulifanya nini? Usiniambie. Njoo upesi.

Iride


SIMU YA MAANDISHI
Mestre, 12 Februari 1958, saa nne asubuhi

THELUJI RELINI. TRENI IMESIMAMA TANGU JANA. NIKIFIKA NAINGIA KIBANDANI MOJA KWA MOJA. TAZAMA TAA. NIVES


Trieste, 20 Februari 1958

Nives,

Salamu, ingawa hustahili. Milka mzima, paka wazima.

Nimeimba. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisoma gazetini. Nilikaa kwenye kiti cha Malkia, pazia likapanda, nikatazama chini, kibanda giza. Okestra imeanza, na kibanda giza. Nilisema moyoni, Nives amenifanyia tena, na sikujua hata "tena" ni ya lini. Kisha taa ikawaka. Alikuwa mwanamke mmoja nisiyemjua, mzee, anahema, theluji bado haijayeyuka kwenye nywele zake, skafu ya bluu shingoni na midomo imepakwa rangi kama ya mcheza sarakasi. Akainua kidole kimoja.

Sijui kwa nini nilimwamini. Hakutoa sauti hata chembe, lakini kila neno lilitoka mdomoni mwake likaingia mdomoni mwangu kabla sijavuta pumzi, vilevile Baba alivyokuwa akitaka. Nikambariki kaka yangu. Akainua vidole viwili, machozi yanamtiririka na rangi imemchafuka mpaka kidevuni, nikamlilia kaka yangu. Roshani ya juu hawakupiga mluzi hata mmoja. Walisimama wote. Na nilijua ni mimi, Nives. Toka mwanzo hadi mwisho nilijua kuwa ni mimi ninayeimba. Basi, nilichotaka nimekipata.

Baadaye alikuja chumbani kwangu. Watu walijaa, na maua. Tarlao akaniuliza huyu ni nani, nikamshika mkono nikawaambia wote, "Huyu ni mwanamke wa kibandani! Bila yeye leo nisingekuwa kitu." Nilitaka wampigie makofi, wakampigia. Yeye akaanza kulia. Nikamuuliza jina lake. Akalisema kwa midomo, mara tatu, polepole, na cha ajabu, jukwaani nilimwelewa kila kitu, pale sikumwelewa hata kidogo. Nikamuuliza kama ana watoto. Akainua kidole kimoja, akaonyesha mbali. Masikini. Nikampa ua jekundu la kwenye joho langu, akanibusu kwenye paji la uso kama tunajuana, akatoka. Kila nikimsimulia Milka habari hii analia, sijui ana matatizo gani nyumbani kwao.

Lakini wewe hukuja. Mtu baki kabisa alivuka theluji kwa ajili yangu, na mdogo wangu wa tumbo moja hakuja. Ile karatasi ya kwenye kioo nimeibandua. Hilo la zamani, vyovyote lilivyokuwa, limekwisha. Hili la Trieste sitakusamehe.

Iride


Parma, 2 Machi 1958

Dada Iride,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia katika saa yako nzuri. Hapa ukungu umeondoka na watu wameanza kukaa nje. Ennio na mchumba wake wanakusalimu, Oreste pia, na anasema samahani kwa ile siku ya simu.

Barua yako nimeipata. Usinisamehe, una haki. Mtu uliyemwita siku hiyo alipaswa kuwa mbele yako, na hukumwona.

Yule mwanamke namfahamu, ni wa kazi yetu. Amenipa habari zote. Anasema miaka thelathini na sita amekaa chini ya majukwaa na hajawahi kuisikia sauti yako ikiwa vile, hata ulipokuwa kijana. Anasema umemtaja mbele ya watu, na watu wakampigia makofi, na hilo alikuwa amekwisha kulikatia tamaa. Ua ameliweka ndani ya kitabu cha nota, kati ya ubeti wa kwanza na wa pili.

Nimerudisha ufunguo wa chumba cha nota. Nimemwandikia Milka naye amenijibu, tumekubaliana: hakuna atakayekupeleka kwenye ile nyumba ya wazee. Kuna chumba kile chenye sanduku la paka, kitanitosha. Nafika Alhamisi, tarehe kumi na tatu, kwa treni ya saa nane mchana, na safari hii theluji imekwisha.

Sipendi tugombane mlangoni. Kama bado una hasira na Nives, basi tumwache Nives hukuhuku Parma. Nitavaa skafu ya bluu na kupaka rangi midomoni. Niite mwanamke wa kibandani, nami nitaitika.

N.